Darasa la mwanga wa spini pale Chake: elfu kumi yangu nimeipata, saa zangu mbili sijazipata

Haya jamani, washaniuliza watu watatu "vipi lile darasa, la maana au tumeliwa hela", nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja kwa voisi bora niandike mara moja, anotaka kusoma asome. Nazungumzia lile darasa la fizikia la Jumamosi lililokuwa likitangazwa kwenye magrupu ya wasap, bango la bluu lenye duara na mishale, "NJOO UJUE ELEKTRONI INAVYOPIMWA KWA MWANGA WAKE WENYEWE", kiingilio elfu kumi, chai na vitafunio vimo. Sentensi ile ndo iliyonitoa Wete. Mie fundi wa TV, nimeanza na zile za kichogo kabla hazijaja hizi bapa, kwa hivyo elektroni si mgeni kwangu, nimeishi nazo miaka, na ule waya mwekundu unoingia nyuma ya kioo ushanipiga mpaka nikahisi meno yanahama. Sasa mtu akinambia elektroni inatoa mwanga wake yenyewe na mie miaka yote sijauona, lazma nende nikamsikilize hata kama ni kwa ubishi tu.

Nianze na mabaya niyatue. Tangazo limesema saa nane mchana. Mie nimeshuka kwenye gari ya Wete saa nane kasorobo, nimepanda kile kilima juani, nafika mlango una kufuli. Mwenye ufunguo kaja saa tisa na robo anacheka. Projekta ikaja baada yake, waya wa projekta ukasahauliwa, akatumwa kijana na bodaboda kuufata, tukaona basi bora tukasali alasiri kabisa, tumerudi tumeanza saa kumi. Saa mbili hizo hakuna aliyetuomba radhi, tumeambiwa tu "karibuni karibuni". Feni zipo tatu inazunguka moja na hiyo moja imemwelekea mwenye kukusanya hela. Sitotaja kituo, wenyewe wanajijua.

Sasa mwalimu. Kijana wa hapa hapa Pemba, yuko nje masomoni, kaja likizo, jina lake sikumuomba ruhusa ya kulitaja kwa hivyo nalo naliacha. Wazee mule ndani walikuwa wakimwita mwanangu, watoto wa fom siksi wakimwita ticha, na yeye hakuna neno aloona zito au jepesi, kila swali alikuwa akilipokea kwa mikono miwili. Hilo peke yake kwangu ni nyota moja, maana nishakaa kwenye madarasa ukiuliza unaangaliwa kama umeiba kuku.

Mie ndo nilouliza wa mwanzo. Nikamwambia mwalimu, TV ya kichogo ina bunduki ya elektroni nyuma, elektroni zinasukumwa kwa volti kama 25,000, zikifika shingoni zinapindwa na koili ya sumaku juu chini kulia kushoto ndo picha ikapatikana, wewe wasema elektroni ikipindwa na sumaku inatoa mwanga, mbona mie shingo ya TV nimeifungua usiku umeme umezimwa nyumba nzima sijaona hata cheche? Akacheka, akasema hilo ndo swali alokuwa akilitaka. Elektroni ya kwenye TV, anasema, inakwenda kama thuluthi tu ya kasi ya mwanga, hiyo bado inatembea kwa miguu. Mwanga wa kona unapanda kwa ukali wa ajabu kila unapoongeza nguvu, kwenye kona ile ile ukizidisha nguvu ya elektroni mara mbili mwanga wake unazidi mara 16. Kuna mashine iko Newport News, jimbo la Virginia kule Marekani, inaitwa Jefferson Lab, elektroni zake zinafika volti bilioni 12. Linganisha na 25,000 zangu. Nikakaa kitako.

Halafu akatupa kisa ambacho kwangu mie fundi kilikuwa na thamani ya nauli yote. Huo mwanga wa kona, mwanga wa sinkrotroni (sinkrotroni ndo mashine ya kuzungusha elektroni kwa sumaku), watu walikuwa washaupigia hesabu zamani, lakini kuonekana kwa macho umeonekana tarehe 24 Aprili 1947 kwenye mashine ya kampuni ya General Electric pale Schenectady, New York, mashine ya volti milioni 70, na bomba lake kwa bahati lilikuwa la kioo, linaonesha ndani. Na aliyeuona si profesa. Fundi! Walikuwa wanasikia mashine inaruka ruka cheche, wakamwambia fundi wao chungulia kwa kioo cha kujitazamia pembeni ya ukuta wa zege, akachungulia akawapigia ishara zimeni zimeni kuna moto ndani ya bomba. Kumbe si moto, bomba lake zima salama, zilikuwa elektroni zenyewe ziking'ara. Wallahi nilitamani kupiga makofi. Mafundi tunaona vitu mwanzo halafu wengine ndo wanaandika.

Sasa mada yenyewe. Elektroni ina kitu kinaitwa spini. Kutueleza spini mwalimu kafungua mkoba katoa pia, ile ile pia ya mbao ya kuzungushia kamba tulokuwa tukichezea uwanjani, kaizungusha juu ya meza. Akatahadharisha mapema, elektroni si kidude cha mviringo kinachozunguka kweli, lakini ina tabia za pia, ina kichwa kinachoelekea upande, na ukiiweka kwenye sumaku kichwa kinayumba kama pia inavyoyumba ikichoka. Ukiwa na mwale wa elektroni nyingi na vichwa vyao vimeelekea kila mmoja njia yake, mwale huo hauna polaraizesheni. Wakielekea wengi upande mmoja, unayo. Akauliza, elektroni 100, 90 zimeelekea mbele na 10 nyuma, polaraizesheni ngapi? Watoto wote kwa sauti moja "asilimia 90!" na mie nimo. Si 90. Ni 80, kwa sababu zile 10 za nyuma zinafuta 10 za mbele, waliobaki bila ya mpinzani ni 80. Kuanzia hapo nikajua huyu hatuchezei.

Umeme ukakatika hapo hapo. Jenereta ipo, mafuta hayamo (weka kwenye orodha ya mabaya). Sisi tulokua na majenereta ya Wesha, kabla haujaja ule waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, giza halitutishi, lakini watu wazima tushaanza kuangalia simu. Mwalimu wala hakusimama. Kaendelea kwa tochi ya simu na ile pia, na kusema kweli dakika ishirini zile za kiza ndo zilikuwa tamu kuliko zile slaidi zake, maana slaidi zake zina maandishi madogo kama ya nyuma ya pakti ya panadol.

Kuna kijana kavaa miwani nyeusi ya polaroid, muongoza watalii nadhani, kaiinua akasema mwalimu hii mie nimeuziwa polaraizdi, hii nayo ina elektroni zilizoelekea upande mmoja? Watu wakacheka ila swali lake lilikuwa zuri kwa sababu jina ni moja vitu viwili. Miwani inachuja mwanga, mawimbi ya mwanga yanotetemeka upande mmoja yanapita na ya upande mwengine yanazuiwa, ndo maana ukiwa baharini inaondoa ule mng'aro wa juu ya maji ukaona mwamba chini. Mwanga wa sinkrotroni nao una polaraizesheni ya namna hiyo ya mawimbi. Lakini siku ile tunazungumzia vichwa vya elektroni zenyewe, na suala ni je, mwanga zinoutoa zikipinda unaweza kutwambia vichwa vimeelekea wapi?

Kwa nini mtu ajisumbue kujua, hilo kalipitia haraka na mie nitalipita haraka. Kuna nguvu moja ya maumbile, ile dhaifu, haitendi sawa kwa elektroni ya kushoto (kichwa kimeelekea nyuma ya mwendo wake) na ya kulia (kichwa mbele). Mwaka 1978 kule SLAC, maabara ya elektroni iliyoko California, walirusha elektroni za vichwa mbele na za vichwa nyuma wakakuta tofauti ndogo sana namna zinavyotawanyika, na mwaka wa pili yake Glashow, Weinberg na yule Mpakistani Abdus Salam wakapewa Nobeli kwa nadharia ilosema tofauti hiyo iwepo. Sasa ukitaka kupima tofauti kama hiyo kwa usahihi na hujui mwale wako una polaraizesheni 80 au 82, jawabu lako lote linapinda na wewe hujui kama limepinda. Fundi yeyote anajua, mita mbovu ni mbaya kuliko kukosa mita.

Njia za kawaida za kuipima zipo, katwambia tatu. Ya Mott, elektroni za nguvu ndogo zinagongeshwa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Ya Møller, zinagongeshwa kwenye chuma kilichotiwa sumaku, ila chuma kinapata moto na mwale unavurugika, kwa hivyo unapunguza mwale ndo upime, yaani unapima hali ambayo si ile unofanyia kazi. Na ya Compton, unaupiga mwale kwa leza, haudhuriki, na ndo inayotegemewa sana kwenye mashine za nguvu kubwa. Hapa mzee mmoja mfanyabiashara wa karafuu, kanzu nyeupe pee, kakohoa akasema "mwanangu, kama za zamani zafaa hii mpya ya nini?" Mwalimu kamjibu kistaarabu, "mzee wangu, ukiuza karafuu ukaipima kwenye mizani moja tu, ukaambiwa umepunjwa utajuaje?" Mzee akatikisa kichwa. Mizani ya pili isofanana na ya mwanzo, makosa yake si makosa ya mwenzake. Bas.

Sasa hii ya mwanga wa spini. Mwale unapitishwa kwenye sumaku zenye sehemu tatu, ya mwanzo inaupinda kidogo upande huu, ya kati inaupinda upande wa pili, ya mwisho inaurudisha kwenye njia yake, kama ngalawa inavyokwepa mwamba kisha ikarudi mkondo wake, na safari ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Hilo ndo zuri la kwanza, unaupima mwale nao unaendelea na kazi zake. Kwenye pendekezo lililoandikwa kwa ajili ya Jefferson Lab, kama mwaka 2013 hivi, sumaku hizo ni za tesla 4 (tesla ndo kipimo cha ukali wa sumaku), mwale wa volti bilioni 11, na mwanga unaotoka hapo si wa kuonekana kwa macho tena kama ule wa fundi wa 1947, ni eksirei kali. Unatoka kama kipepeo cha ukili, mpana kwa ubavu lakini mwembamba mno juu chini, umbali wa mita 10 unene wake ni kama milimita moja tu. Halafu ndo siri yenyewe: kama vichwa vya elektroni vimeelekea mbele, nusu ya juu ya kile kipepeo na nusu ya chini hazipati fotoni (chembe za mwanga) sawa. Upande mmoja unazidi kidogo. Vikigeuka vikaelekea nyuma, unazidi upande wa pili.

Kidogo kiasi gani? Sehemu moja katika elfu kumi, hivyo kwa kukadiria.

Hapa mwalimu kamgeukia yule mzee wa karafuu tena, na hapa ndo nilipoona huyu kijana kalelewa Pemba kweli. Kasema, mzee, una gunia mbili za karafuu kavu kilo 50 kila moja, moja imeizidi mwenziwe kwa gramu 5. Gramu 5 kwenye kilo 50 ndo moja katika elfu kumi. Mizani yako ni ya kukodi, mkono wa kushoto umepinda, inakosea gramu 200. Utajuaje gunia gani zito? Ukumbi kimya. Mtoto mmoja kasema anunue mizani ya dijitali. Mwengine kasema apime mara mia, mwalimu akamwambia utapata kosa lile lile mara mia. Mzee kafikiri, kapangusa paji la uso, kasema taratibu, "nitazibadilisha. Ya kushoto niipeleke kulia na ya kulia niilete kushoto." Mwalimu kampa mkono! Maana kosa la mizani halihami, liko kwenye mkono wa mizani, gunia ndo linohama. Kilichobaki upande ule ule ulipobadilisha ni uongo wa mizani, kilichohama pamoja na gunia ndo tofauti yako ya kweli. Mzee kasema hayo wao wanayajua toka enzi za babu zao, walikuwa wakibadilisha ndoo za makonyo vivyo hivyo kumkamata mnunuzi mjanja.

Na ndo hivyo hivyo wanavyofanya na elektroni. Wanazipata kwa kupiga leza kwenye kristali ya galiamu na aseniki, leza yenyewe mwanga wake unazunguka kama parafujo, ukiigeuza mzunguko kulia au kushoto elektroni zinatoka na vichwa vimegeuka. Unageuza mara nyingi kila sekunde. Kifaa chako cha kupokea mwanga kikiwa kimekaa vibaya, kimeshuka unywele mmoja, nusu ya juu itapokea zaidi kila siku, lakini hiyo haigeuki spini ikigeuka, kwa hivyo unaitoa. Halafu kuna ukaguzi wa pili ndani yake, ile sumaku ya kati inapinda upande wa kinyume na za pembeni, na mwanga wake unazidi kwa kinyume pia, juu inakuwa chini. Yaani una gunia mbili na mizani mbili na unabadilisha zote. Nilikaa nikafikiria kazi yangu, mara ngapi nimebadilisha kapasita nzima kwa sababu mita ya bei rahisi imenidanganya, na nisingehitaji ila kugeuza nyaya nyekundu na nyeusi nikapima tena.

Nikauliza swali la pili, fotoni zatosha kweli? Ukitaka kukamata moja katika elfu kumi kwa usahihi wa asilimia moja, lazma uhesabu kwa usahihi wa moja katika milioni, na kwa kuhesabu vitu vinovyotokea kwa bahati hiyo inataka fotoni kama trilioni moja. Nilidhani nimemkamata. Mwalimu kaandika ubaoni, mwale wa maikroampia 100 ni elektroni kama trilioni 600 zinopita kila sekunde. Kuhesabu si tatizo hata kidogo, wanapata za kumwaga, tatizo lote ni uongo wa mizani. Kidogo nilihisi aibu lakini aibu nzuri. Mwale huo huo, kapiga hesabu, maikroampia 100 kwa volti bilioni 11 ni megawati 1.1. Maikroampia! Kwenye kazi yangu maikroampia 100 naiita mvujo.

Kifaa cha kupokelea mwanga huo kwenye pendekezo ni chemba ya gesi ya zenoni, ndo ile ile ya taa za gari zinozokuumiza macho usiku barabara ya Konde. Eksirei zikiingia zinachomoa elektroni kwenye gesi, unapima mkondo wake juu na chini, unatoa. Hapa kakimbia sana, slaidi nne kwa dakika mbili, na hapa ndo mie fundi nilikuwa nataka akae. Nusu saa ya hapo ndo ilokwenda na ufunguo wa mlango.

Lishafanywa kweli au ni karatasi tu, aliulizwa na dada mmoja. Kasema kwenye Jefferson Lab alichotuonesha ni pendekezo, lakini kwamba mwanga unabadilika kwa spini hilo lishaonekana kwa vitendo Novosibirsk, Siberia, kwenye VEPP-4, duara la sumaku la kuzungushia elektroni, miaka ya mwanzo ya 1980. Walilinganisha mwanga wa elektroni zenye spini zilizopangika na wa zile zilizovurugwa makusudi, wakaiona ile tofauti ndogo. Na kule elektroni hazikupangwa kwa leza, zilijipanga zenyewe! Hii nilikuwa siijui kabisa. Elektroni ikizunguka kwenye duara la sumaku muda mrefu, kila ikitoa mwanga kuna nafasi ndogo mno ya spini kupinduka, na kupinduka kwenda upande mmoja kunatokea zaidi kuliko kurudi, kwa hivyo polepole zinajipanga. Warusi Sokolov na Ternov ndo waliolipigia hesabu mwanzo mwa miaka ya 1960, na mwisho wake kwenye duara lisilo na kasoro ni asilimia 92.4, hauvuki hapo. Kwa hivyo mwanga wenyewe ndo unozipanga na mwanga wenyewe ndo unokwambia zimepangika. Yakhe, ustaajabu.

Sasa sikiliza hii ya mwezi, maana ndo ilowafanya wavuvi waliokuja kwa ajili ya chai wakae mpaka mwisho. Kulikuwa na duara kubwa mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, LEP ya CERN (maabara ya fizikia ya Ulaya), mzunguko wake kilomita 27 chini ya ardhi. Elektroni zake zilikuwa zinajipanga spini kidogo hivyo hivyo, na kwa kuangalia ile pia inayumba mara ngapi kila mzunguko walikuwa wanajua nguvu ya mwale kwa usahihi mkubwa kweli, maana kuyumba kunaenda sambamba na nguvu. Basi wakawa wanapima, wanapata namba, wanapima tena saa nyengine namba imehama. Wanakagua sumaku, wanakagua kila kitu, namba inahama tu. Mwalimu kasimama kaangalia upande wa wavuvi kauliza, "nyinyi mwadhani nini?" Mmoja wa nyuma, hata hakuinua mkono, kasema "bamvua". Nakuapia, bila ya kusoma kitu. Ndo jawabu! Mwezi unavuta maji na unavuta ardhi pia, ardhi inanyanyuka kidogo na kushuka, duara la kilomita 27 linatanuka na kusinyaa kama milimita moja, na milimita hiyo inatosha kuhamisha nguvu ya mwale mpaka vipimo vya spini vikaiona. Mwezi mpevu wanapata namba nyengine, maji mafu nyengine. Yule mvuvi kasema tu "sasa wao walikuwa hawana hata mtu mmoja wa kumuuliza?" Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Akaongeza mwalimu kwamba baadae wakagundua hata treni za umeme za kule zinapita zikiwavuruga, na hapo tukasema alhamdulillah sisi treni hatuna.

Chai. Chai ya maziwa ya tangawizi nzuri, moto, vitumbua vya mchele vyenyewe hasa si vya unga, na visheti. Kila mtu kimoja kimoja lakini, na waliokaa mbele wamechukua viwili, nimewaona.

Kijitabu walichotupa ndo ghadhabu yangu ya mwisho. Fotokopi ya fotokopi. Ukurasa wa 3 upo, wa 4 upo, wa 5 haupo, unarukia wa 6, na wa 5 ndo wenye mchoro wa zile sumaku tatu na chemba ya zenoni. Nimemuuliza anokusanya hela kasema "utatumiwa kwenye wasap". Neno "spini" limepigwa chapa "spika" sehemu mbili, mtu asokuwepo atadhani elektroni inapiga muziki.

Mtoto mmoja wa fom siksi mwisho kauliza ataiona wapi mashine kama hizo karibu na hapa. Mwalimu hakumpamba. Afrika nzima mpaka sasa haina mashine ya mwanga wa sinkrotroni, ya karibu ni SESAME iliyoko Jordan, ilofunguliwa 2017, mzunguko wake mita 133, na hiyo kazi yake ni kutumia mwanga kuchunguza vitu vyengine, si kupima spini. Mtoto kaandika "Jordan" kwenye daftari akapiga mstari chini mara mbili. Zanzibar tumekuwa na TV ya rangi toka miaka ya 1970 wenzetu wengi hawajaiona hata ya rangi mbili, kwa hivyo mie simcheki mtoto.

Nyota: mwalimu tano juu ya tano. Chai nne. Kituo moja, na hiyo moja ni ya ule mkeka safi wa kusalia. Kwa jumla nawapa nne, na kama munataka kwenda Jumamosi ijayo (nimesikia atarudia kwa sababu wengine walikosa nafasi) nendeni saa kumi musijidanganye na saa nane, chukueni feni ya mkono, kaeni mbele kwa sababu ya vitumbua na ya maandishi ya slaidi, na muulizeni ile chemba ya zenoni taratibu kabla ya kitu chengine chochote.

Ukurasa wa 5 bado sijatumiwa. Namba yangu wanayo.